Jahazi la Asilimia Kumi

Wanaolalamika kwamba vijana wa Kenya hawasomi Kiswahili hawajahesabu vizuri. Tunakisoma kila siku kwenye simu, tukiwa kwenye foleni ya supamaketi au tumebanwa kiti cha nyuma cha matatu, na tunakisoma kwa makini kuliko tulivyosoma kitabu chochote cha mtihani, kwa sababu hapo ndipo pesa yetu ilipo. Okoa Jahazi. M-Shwari. Fuliza. Tunukiwa. Lipa Mdogo Mdogo. Ni maandishi mafupi kuliko ubeti mmoja wa shairi, hayana jina la mwandishi, na bado sidhani kuna mshairi wa Kiswahili aliye hai mwenye wasomaji wengi hivyo.

Kwa hivyo nimeona niyahakiki. Sisemi nilalamikie huduma. Malalamiko yana dawati lake. Nataka kuyasoma kama tunavyosoma fasihi: nani anasema, anamwambia nani, kwa sauti ipi, na ni neno gani limeachwa nje makusudi. Neno lenyewe nitalitaja mapema tusizungushane. Ni "kopa".

Nianze na jahazi, maana ndilo lililonikwaruza kwanza.

Mtu wa Nairobi akisikia "kuokoa jahazi" anasikia msemo tu: kunusuru hali. Magazeti yameuzoea. Kocha ameokoa jahazi, waziri ameokoa jahazi, refa naye akipenda ataliokoa. Mimi nausikia tofauti kidogo, kwa sababu likizo zangu nyingi nilizimalizia Jego kwa shangazi. Jego iko kule kusini kabisa mwa Kwale, upande wa Lunga Lunga na Vanga, na mpaka wa Tanzania ni pua na mdomo. Bahari yenyewe iko Vanga, lakini maneno yake yameshapanda mpaka huku juu. Shangazi ni mama karanga: anachukua samaki wabichi Vanga, anawakaanga, anawauza. Kwake jahazi ni chombo, na kikizama kimezama na mtu mnayemjua kwa jina la baba yake. Kuokoa jahazi nako kuna utaratibu. Dhoruba ikizidi, shehena inatoswa. Mali inatupwa majini ili roho zipone. Sijasikia nahodha aliyeokoa chombo kwa kukiongezea mzigo.

Sasa tazama huduma yenyewe. Okoa Jahazi ya Safaricom inakukopesha kredo kwa ada ya asilimia 10. Ukiomba ya shilingi 100, shilingi 10 ni za mwokozi. Si pesa ya kumtoa mtu machozi, najua. Ninachotazama ni picha: chombo kinayumba, na msaada unaokuja ni uzito wa asilimia 10 juu ya ule uliokuwemo. Kama mwanafunzi wangu angeniletea sitiari hii kwenye insha ningemrudishia aifikirie tena. Lakini sitiari haikuandikwa ili ifikiriwe. Iliandikwa ili ukiwa umekatika katikati ya maongezi, kidole kiende chenyewe.

Baadaye likaja la pili. Novemba 2012, Safaricom na benki ya CBA, ambayo leo ni sehemu ya NCBA, walileta M-Shwari: akaunti ya kuweka akiba na kukopa ndani ya M-Pesa. Shwari ni neno la baharini. Ni maji yaliyotulia, upepo usio na ugomvi. Pwani ni jibu la salamu pia; mtu anakuuliza mambo, unamwambia shwari, na mazungumzo yanaendelea. Mkopo wake ulianza na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiuzungusha kila mwezi kwa mwaka mzima umelipa ada mara 12, na 7.5 mara 12 ni 90. Bahari yenye mawimbi ya asilimia 90 kwa mwaka hatuiiti shwari, hata kama kila wimbi peke yake ni dogo.

Kisha Januari 2019 ikaja Fuliza. Kitenzi hiki wengi wetu hatukuwa tunakitumia. Kufuliza ni kuendelea na jambo bila kukatiza: mtu anafuliza mwendo, mvua inafuliza kunyesha. Nani alikitoa kwenye kamusi sijui, ila alikuwa na sikio zuri, na hilo nalisema bila kejeli. Huduma inakuruhusu kulipa hata kama salio lako halitoshi, kwa ada ya asilimia 1 ya kuanzia na nyingine ya kila siku deni likiwa bado liko. Jina halitaji upungufu wala pesa. Linataja mwendo tu. Hujasimama, unafuliza.

Yapange majina haya kwa mfuatano uone. Jahazi linakaribia kuzama, linaokolewa, bahari inakuwa shwari, safari inafulizwa. Ni hadithi nzima, ina dhoruba, ina mkombozi, ina bandari. Sidhani kuna mtu aliyekaa ofisini akaipanga hivyo kwa miaka yote hiyo. Majina yamekuja moja moja. Lakini yote yalikwenda kuchota kisima kimoja, na kisima chenyewe ni cha watu wa Vanga, Wasini, Lamu, Pemba. Lugha ya watu wanaojua kuomba dua kabla ya kutweka tanga.

Tena ukivuka mpaka, na kwa Jego kuvuka si safari, hadithi inaendelea kwa sauti nyingine. Upande wa Tanzania kampuni iliyokuwa ikiitwa Tigo ilileta Nivushe. Vodacom wana Songesha kwa pesa na Nipige Tafu kwa muda wa maongezi. Hapa msomaji wa sarufi anapata raha yake. Majina ya Kenya ni amri: okoa, fuliza, lipa. Mengi ya Tanzania ni ombi, na mwombaji yumo ndani ya neno lenyewe kwa kiambishi -ni-: nivushe mimi, nipige tafu mimi. Mkenya anaamrishwa aokoe jahazi lake kana kwamba yeye ndiye nahodha. Mtanzania anapewa maneno ya abiria anayeita mwenye mtumbwi. Sitaki kujenga falsafa ya mataifa mawili juu ya kiambishi kimoja. Lakini kama ningeulizwa lipi lina adabu zaidi kwa ukweli, ningesema Nivushe, kwa sababu angalau linakubali kwamba kuna mtu upande wa pili anayeombwa, na mwenye mtumbwi hulipwa nauli.

Tunukiwa ndilo kioja. Ni jina la ofa za bando za Safaricom, zile zinazokujia zikiwa zimepimwa kwa matumizi yako mwenyewe. Kutunuku ni kumpa mtu zawadi, na kutunukiwa ni kupewa. Mtu anatunukiwa shahada, anatunukiwa nishani. Hapa unatunukiwa, halafu unalipa. Katika Kiswahili nilichofundishwa mimi kitenzi cha kutendwa hakina uso wa kuamrisha, huwezi kumwambia mtu "pendwa!" Huku unaambiwa upewe zawadi, na usipofanya haraka zawadi itapita na siku yake.

Mtu ataniambia jina ni jina tu, bei ndiyo inayouma. Hapo nitaazima ushahidi kutoka mbali kidogo. Mwaka 1980 mchumi Richard Thaler, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2017, alieleza kisa cha kampuni za kadi za mkopo Marekani. Wenye maduka walitaka wateja wa kadi walipe zaidi ya wateja wa taslimu. Kampuni zikasema kama tofauti lazima iwepo, basi isiitwe nyongeza kwa mwenye kadi. Iitwe punguzo kwa mwenye taslimu. Hesabu ni ile ile, shilingi kwa shilingi. Lakini nyongeza inasikika kama hasara na punguzo linasikika kama bahati iliyokupita, na mwaka mmoja kabla Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameshaonyesha kwamba hasara inamuuma binadamu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Watu wa kadi walipigania neno kwa nguvu zote, nao si watu wa kupoteza muda kwenye ushairi.

Kwetu neno la kupigania lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu Kiswahili kimelichafua deni kwa karne nyingi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Dawa ya deni kulipa. Hata kwenye dini zetu mtu anapozikwa watu wanaulizwa kama marehemu anadaiwa, na kimya kinachofuata swali hilo si cha kawaida. Lugha iliweka aibu mlangoni pa mkopo ili usiingie mbio. Sasa wewe una bidhaa ambayo ni mkopo, unataka watu milioni kadhaa waichukue mara kadhaa kwa wiki, na lugha yao yote imekaa mlangoni na rungu. Utafanya nini? Huwezi kubishana na methali. Unapita dirishani. Unatafuta vitenzi vingine.

Niliwahi kumuuliza shangazi, tukiwa jikoni kwake, kama anakopa kwenye simu. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi sikopi, mwanangu. Nafuliza tu, nikikosa ya mafuta."

Hakuwa ananitania, wala hakuwa mjinga. Mama huyu anajua faida ya kila kipande cha samaki kichwani bila karatasi. Kwake ni vitendo viwili tofauti. Kukopa ni kwenda mpaka mlango wa mtu na kuanza na salamu ndefu. Kufuliza ni kubonyeza.

Wenye maduka wa Jego wanayo lugha yao pia, na sitaki nionekane nawapaka mafuta. Pale dukani husemi "nikopeshe". Unasema "niandikie". Mwenye duka anatoa daftari lenye jalada lililokatika, anaandika unga nusu kilo, sukari robo, na jina lako. Niandikie nayo ni kuficha, tena ni ufichaji mzuri. Saikolojia ya duka haikuishia hapo. Kuna nyongeza: ukinunua vitunguu anakutupia kimoja juu, na kile kimoja kinakufunga kwake kuliko mkataba wowote, maana kesho utaona haya kupita mlango wake ukienda kwa jirani. Kuna kupimiwa. Mafuta ya kupikia ya shilingi 20, majani ya chai ya 10. Ukijumlisha vipimo hivyo hadi vifikie lita au pakiti nzima utakuta maskini wa kijijini amelipa zaidi ya anayejaza toroli kule Ukunda. Na Vanga huko ufukweni yuko tajiri. Namaanisha yule mfanyabiashara wa samaki anayempa mvuvi nyavu au pesa ya matengenezo, na mvuvi anafungwa kumuuzia yeye kwa bei yake yeye. Huyo ni mdai wa zamani, na kuna familia ambazo hazijawahi kutoka mikononi mwake.

Ila hawa wote wana sura. Mwenye daftari anajua lini umepata, anajua mtoto anaumwa, na anajua pia kusema "hapana, hii imejaa, punguza kwanza". Analisema mbele ya watu, na inachoma. Kule kuchoma ndiyo breki yenyewe. Watafiti wawili wa saikolojia ya fedha, Drazen Prelec na George Loewenstein, waliandika mwaka 1998 kuhusu maumivu ya kulipa: kwamba kutoa pesa kunauma kidogo, na maumivu hayo ndiyo yanayotuzuia, na kila njia ya kulipa inayotenganisha kununua na kulipa inayapunguza. Noti ikitoka mfukoni unaiona ikienda. Namba ikibadilika kwenye simu, unaona namba nyingine tu. Lakini nadhani waliacha nusu ya jambo kwa watu kama sisi. Yapo maumivu ya kulipa, na yapo maumivu ya kuomba. Hayo ya pili, kwa mtu wa Jego, ni makubwa kuliko ya kwanza. Fuliza iliyafuta yote mawili kwa neno moja na kwa wakati mmoja, maana haiji ukiwa umekaa nyumbani unafikiri. Inakuja ukiwa umesimama kwenye kaunta, vitu vimeshafungwa, mtu wa nyuma anahema shingoni mwako, na salio halitoshi. Swali linakuja wakati jibu ni moja.

Mwaka wa fedha wa Safaricom uliokwisha Machi 2022, Fuliza ilitoa zaidi ya shilingi bilioni 500. Gawa kwa siku 365. Ni zaidi ya bilioni 1.3 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Neno lililokuwa limelala kwenye kamusi limefanya kazi hiyo ndani ya miaka mitatu. Sehemu ya kulipa nayo inafanana na ya kukopa kwa upole wake: pesa yoyote ikiingia M-Pesa yako, deni linajikata kwanza. Hakuna anayebisha hodi. Ile pesa aliyokutumia kaka yako kutoka Muscat au Doha, akidhani anamnunulia mama dawa, imeshapita mahali pengine kabla hujaiona.

Hapa ndipo sitiari ya bahari inaponitoka kabisa, na si kwa ajili ya uzuri wa lugha. Pwani ya kusini inaishi kwa pepo mbili. Kaskazi, kuanzia kama Novemba hadi Machi, bahari inakubali na samaki wanapatikana. Kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, maji yanachafuka, vyombo vidogo vinakaa ufukweni siku nyingi, na pesa inakauka kuanzia Vanga mpaka kwenye karai la shangazi. Madeni ya zamani yalijua hivyo. Tajiri, pamoja na ukali wake, hakudai kusini kama anavyodai kaskazini, kwa sababu alijua hakuna cha kudai. Mkopo unaoitwa Shwari una siku 30. Siku 30 za Juni ni sawa na siku 30 za Januari kwa kompyuta iliyoko Nairobi. Walichukua kutoka baharini neno la utulivu wakaacha kalenda yake, na kalenda ndiyo mvuvi anayoihitaji. Ningependa siku moja kuona mkopo wa simu unaokomaa kaskazi ikianza. Uite jina lolote, hata la Kiingereza, sitaandika neno.

Kiingereza chenyewe kinastahili mstari wake. Jina ni la Kiswahili, lakini masharti kamili niliyoyafungua kwenye tovuti ni Kiingereza cha mawakili, aya ndani ya aya. Kiswahili kinakukaribisha sebuleni, Kiingereza kinakungoja kortini. Kule Diani tumezoea mchezo kinyume chake: mtalii anauziwa "jambo" na "hakuna matata" kwenye fulana kwa bei ya dola, na Kiswahili ni pambo la kumfanya mgeni alegee. Nilidhani mchezo huo ni wa wageni. Kumbe sisi nasi tunalegezwa kwa lugha yetu wenyewe, na kwetu inafanya kazi zaidi kwa sababu tunaielewa.

Kuna jina moja linaloharibu hoja yangu na sitalificha. M-Kopa, kampuni iliyoanza kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku mwaka 2012, imeweka neno lenyewe mlangoni. Kopa. Nimelifikiria sana. Labda walijua mteja wao haibi kitu. Anapeleka nyumbani taa, baadaye simu au televisheni, kitu kinachoonekana, na kukopa kitu hakujawahi kuaibisha kama kukopa chakula. Nao walikuwa na ujanja wao upande wa bei: usilipe, kifaa kinazimwa kutoka mbali. Bei yenyewe inavunjwa iwe ya siku. Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa simu ambao Safaricom na Google waliuzindua Julai 2020, ulitangazwa kwa shilingi 20 kwa siku. Mtafiti John Gourville aliandika mwaka 1998 kwa nini hili linafanya kazi: bei ya siku inalinganishwa akilini na vitu vya siku. Shilingi 20 inakaa karibu na andazi na chai, na simu ya maelfu inakuwa jamaa wa andazi. "Mdogo mdogo" ni maneno ya mtu anayekuhurumia, anayekwambia usijichoshe. Nalikubali M-Kopa, hata hivyo. Jina linalosema ukweli ni mwanzo, na ni moja tu kwenye orodha yangu.

Serikali ilipoingia sokoni tarehe 30 Novemba 2022 na Hustler Fund, ilifanya jambo jingine: haikuupa mkopo jina zuri, ilimpa jina zuri mkopaji. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ukiilinganisha na hizo nyingine ni ya huruma. Lakini ukiikataa umekataa kuwa hustler. Kura na mkopo vilivaa shati moja.

Aibu iliyofukuzwa mlangoni, kwa njia, haikwenda mbali. Programu nyingi za mikopo ya simu zilizojaa Kenya miaka hiyo zilikukaribisha kwa ulaini uo huo, bila dhamana, bila maswali. Ukichelewa, ndipo aibu ilipoitwa kazini. Simu zilipigwa kwa watu waliomo kwenye orodha yako: bosi, mama mkwe, mwalimu wa mtoto. Ilibidi Benki Kuu itoe kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022 kukataza mambo hayo, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data akaitoza Mulla Pride, wenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kutuma vitisho. Sasa linganisha. Mwenye daftari wa Jego anakuaibisha kabla hujachukua, ili usizidishe. Hawa walikuwa wapole mpaka pesa ilipotoka, kisha wakakuaibisha ukiwa huna la kufanya.

Mtu wa Mombasa atanikumbusha kwamba pwani yenyewe ndiyo iliyoanza kuuza vitu kwa maneno, na ana haki. Nenda Biashara Street kwa Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake zimechapwa "Mali ya Abdulla". Leso inauzwa mbili mbili, huwezi kununua upande mmoja, na ujanja huo wa biashara una umri mkubwa kuliko idara yoyote ya masoko. Na watu hawanunui kitambaa peke yake. Wananunua jina, ule msemo wa chini. Wanawake wanaoga leso mpya zikiwa na rangi za kawaida kabisa kwa sababu ya maneno matano. Saikolojia tupu.

Tofauti ninayoiona ni nani anasema. Maneno ya leso yakishanunuliwa yanakuwa ya mnunuzi. Shangazi akijifunga leso yenye jina kali akapita mbele ya mtu fulani, yeye ndiye msemaji. Mfanyabiashara alimuuzia mdomo. Anaweza kuchagua nani amwambie, siku gani, au aikunje sandukuni asiseme kitu. Maneno ya simu hayahami mwenyewe. Umelipa ada, umelipa tena kesho yake, na bado wewe ndiye unayeambiwa. Huwezi kujifunga Fuliza ukapita nayo mbele ya Safaricom.

Lugha, hata hivyo, ina njia zake za kulipiza, na hii nimeiona ikitokea masikioni mwangu. Neno la kufichia kitu likitumika sana linanuka kile kitu. Siku hizi watu hawasemi "nafuliza" kwa sauti ile ya shangazi. Wanasema "niko na Fuliza ya mia nane", "Fuliza imekula mshahara", "nilifulizwa". Kitenzi kimekuwa nomino, na nomino hiyo maana yake ni deni, pamoja na aibu yake yote. Kampuni itahitaji neno jingine karibuni, na nina hofu kwamba litatoka tena kwenye maji yetu, maana bado yako mazuri mengi huko: tweka, ambaa, demani. Nimesita kuyaandika hapa.

Aprili iliyopita nilikuwa Jego masika yakiwa yamekolea, barabara ya Vanga imekuwa uji. Mzee mmoja jirani alisimama chini ya paa la shangazi akakung'uta kofia, akasema mvua imefuliza tangu jana. Kulikuwa na mtoto wa gredi ya nne anafanya hesabu zake pale mkekani. Akainua kichwa, akauliza kwa dhati kabisa, "Imefuliza pesa ngapi?"